Kakakuona na Ungo wa Mtama

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, sauti gani hiyo? Hamjala leo? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana asubuhi, kulikuwa na korongo moja kubwa. Kiangazi lilikauka, likabaki mchanga mtupu. Masika maji yalipita humo yakinguruma, ngu! ngu! ngu! Yalibeba miti mizima mizima.

Ndani ya korongo hilo, chini ya kichaka, Bi Kanga alikuwa ametaga. Mayai ya mwaka uliopita yaliliwa na nyoka, yote, hata ganda halikubaki. Haya sasa ndiyo roho yake. Aliyapenda, we! Anayageuza, anayafunika, anayaimbia.

Siku moja mawingu yakatanda mbali kule milimani. Wanyama wakaanza kuulizana. Maji yanakuja? Hayaji? Tuhame? Tusihame? Bi Kanga akahangaika kuliko wote. Yai likipoa limekufa. Akihama bure, atawapoteza wanawe njiani. Akikaa na maji yakaja, atawapoteza vilevile.

Akamwendea Ngedere mtini.

"Bwana Ngedere, wewe unakaa juu. Maji yanakuja?"

"Hayaji!"

"Umejuaje?"

"Aka! Nimesema tu. Nikipatia, si nimepatia?"

"Wanangu si wa kubahatishwa," akasema Bi Kanga, akajiondokea zake.

Mara Fisi akapaza sauti. "Njooni! Tuague!"

Kuagua kwao kulikuwa hivi. Walimtafuta Kakakuona, yule mwenye magamba mwili mzima, wakamweka katikati. Mbele yake wakapanga vitu: kibuyu cha maji, ungo wa mtama, na mkuki ulioangushwa na wawindaji. Akiendea maji, gharika inakuja. Akiendea mtama, ni shibe na amani. Akiendea mkuki, jamani, ni vita. Yeye mwenyewe hakuulizwa kitu. Walitazama miguu yake tu.

Kakakuona akanusa huku. Akanusa kule. Tepe, tepe, tepe, akaenda moja kwa moja kwenye ungo.

"Mtama!" akaruka Fisi. "Shibe na amani! Maji hajayagusa, gharika hakuna! Shukeni korongoni mkalale kivulini!"

Vigelegele! Ngoma! Vumbi! Lakini Bi Kanga alikuwa amesimama karibu na ungo, na macho yake hayakuwa ya mapambo. Aliona ulimi wa Kakakuona ukitoka, fyu! fyu! Haukuchukua hata punje moja.

"Bwana Fisi, umejuaje kama ni shibe?"

"Si umeona mwenyewe kaenda wapi? Lo, huyu Bi Umejuaje anatuharibia sherehe!"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Bi Kanga hakujali. Akamfuata Kakakuona mpaka mlangoni kwa shimo lake.

"Kaka, leo umetabiri shibe?"

"Mimi? Nilikuwa na njaa, dada. Ule ungo ulikuwa umejaa sisimizi, watamu hao!"

"Na maji, je?"

"Hilo hawakuniuliza."

"Mimi nakuuliza."

Kakakuona akakaa chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa, na alifurahi sana.

"Dada, mimi si mtabiri. Siongei na mizimu, na ya kesho siyaoni. Ila sisimizi ndio chakula changu, nashinda nao. Juzi walikuwa mchangani. Jana niliwakuta ukingoni. Leo wanapanda kilimani, kila mmoja na yai mdomoni, na ungo wenu ulikuwa njiani kwao. Mama yangu aliwaona hivyo, na maji yakaja. Nami nimewaona hivyo, na maji yakaja. Sikuapii. Nakwambia nilichokiona."

Bi Kanga akanyanyua shingo. Moyo wake ukatulia.

"Kama mama sisimizi anahamisha mayai, na mama kanga anahamisha. Nisaidie, kaka."

Walipofika kichakani, Kakakuona akasimama kwa miguu miwili, akayakumbatia mayai kwenye tumbo lake lenye joto. Tepe, tepe, tepe, wakapanda. Bi Kanga alikwenda ubavuni akikinga upepo kwa mabawa.

"Kwaheri, Bi Umejuaje!" akapiga kelele Fisi kutoka korongoni, kajinyoosha chali.

Kilimani jua likawaka. Hata tone moja halikuanguka. Ngedere akaja kumcheka, akaondoka. Bi Kanga akayalalia mayai yake, akasikia kitu chini ya kifua. Ko! Ko! Ko! Wako hai!

Na palepale, chini ya mbingu nyeupe, ikasikika kutoka milimani: ngu! ngu! ngu!

Maji hayo! Mekundu, yenye povu, yamebeba miti! Wanyama wakakurupuka, huyu kamkanyaga yule, yule kamvuta huyu. Fisi akatoka wa mwisho, amelowa chapachapa, mkia kati ya miguu. Na kile kichaka cha Bi Kanga? Kilipita mbele ya macho yake, mizizi juu. Akalia. Alilia kwa furaha, vifaranga waliokwisha kutoka magandani wakimchungulia mabawani.

Sasa ungedhani wamejifunza! Thubutu! Kesho yake asubuhi wakamweka tena Kakakuona katikati, wakapanga vitu vyao. Kakakuona akawatazama, akachoka. Akajikunja, akawa duara.

"Amejikunja!" akanong'ona Fisi. "Ni njaa! Njaa kubwa inakuja!"

Hapo kifaranga mmoja, bado ana kipande cha ganda kichwani, akauliza kwa sauti:

"Mama, huyu amejuaje?"

Basi watoto, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: kuna anayebahatisha, kuna anayeagua, na kuna anayesema alichokiona. Wote hutamka "kesho" kwa mdomo uleule. Kabla hujamwamini mtu, muulize amejuaje.

Hadithi yangu imeishia hapo, kilimani, pakavu. Anayetaka kubaki korongoni, shauri yake.