Sikio la Hiza, Sauti ya Mbaruku, Mikono ya Tunu

Sikilizeni habari hii, kwa sababu mwisho wake umenishinda.

Katika milima ya Usambara walikuwapo watu watatu wenye redio za mawasiliano. Hiza alikuwa ametandaza waya mrefu kando ya shamba lake la kabichi, kimo cha kiuno. Waya huo haukuzoa kelele za hewani, kwa hiyo alinasa sauti hafifu ambazo wengine hawakuzipata. Lakini akisema yeye, ardhi iliimeza sauti yake, ikaishia kwa jirani.

Jirani huyo ni Mbaruku. Antena yake ilipita mikaratusi kwa urefu. Akizungumza alisikika hadi ng'ambo ya milima. Akisikiliza, alipata mvumo mtupu.

Tunu alikuwa muuguzi wa zahanati ya bondeni. Alikuwa na kiredio na kipande cha waya dirishani, lakini mikono yake ilijulikana kwa utulivu.

Masika yale maporomoko ya udongo yalikata barabara na kuangusha mnara wa simu. Asubuhi moja Mwanaidi, mke wa Mbelwa, alishikwa na uchungu, na mtoto akatanguliza mguu. Tunu aliita hospitali ya wilaya. Hakujibiwa. Hiza peke yake ndiye aliyemsikia, akampasha Mbaruku habari, naye Mbaruku akaiita hospitali. Daktari alijibu kwa sauti iliyofifia. Hiza akaipata.

"Anasema asivute," alimwambia Mbaruku.

"Tunu, usivute," Mbaruku akapaza. "Ngoja mabega yashuke yenyewe."

Tunu hakuvuta. Alingoja, kisha akampokea mtoto, hai.

Damu ya Mwanaidi haikukoma. Adhuhuri akafariki.

Baada ya mazishi Mbelwa aliketi na hao watatu, mtoto mapajani. Hakulia. Alizungumza kama anayesoma tangazo.

"Sina mama wala dada. Nataka mmoja wenu awe mlezi wake. Mkiwa wengi mtategeana."

"Mimi nilisikia tu," alisema Hiza. "Bila Mbaruku, ningebaki na habari hiyo kifuani."

"Nami nilirudia maneno ya watu," alisema Mbaruku.

Tunu alisema polepole, "Mama yake pia alikuwa mikononi mwangu."

Mbelwa akangoja. Mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: mngempa nani mtoto huyu?