Kiboko na Pua Yake

Paukwa!
Pakawa!
Mtoni pana nini?
Maji!
Na ndani ya maji?
Tumbo!

Basi tumbo hilo lilikuwa la Kiboko, mlinzi wa mto. Mamba walikaa ng'ambo, na wanyama wote waliwaogopa. Kila asubuhi Kiboko aliuliza, "Mnataka Mamba waje?"

"Hatutaki, Mzee!"

"Basi leteni matete."

Wakaleta. Akala. Akanenepa. Wakaleta. Akala. Akanenepa.

Kikabaki kichaka kimoja tu cha matete. Humo Chiriku, ndege asiyezidi ngumi ya mtoto, alikuwa akiatamia mayai yake.

"Toka," Kiboko akasema. "Ulinzi una njaa."

"Shikamoo, Mzee. Na mayai yangu je?"

"Marahaba. Nayo yatalinda mto, humu tumboni."

Lakini mdomo wa Chiriku haukuzoea kufungwa. "Basi tukujaribu kwanza, mbele ya baraza la wanyama. Ukishinda, kula kichaka na mayai. Ukishindwa, hama."

"Nipigane na nani?"

"Na majirani zangu, Nyigu."

Kiboko akacheka hadi maji yakapanda ukingoni. "Vile vijivumbi? Nikiwa juu, mimi ni ngome. Nikiwa chini, sionekani!"

Nyigu wakaja: vuuu! Wakamchoma masikio. Kiboko akazama: chubwi! Kimya.

"Kawakwepa!" baraza likashangilia.

"Subirini tu," Chiriku akawaambia Nyigu. "Atapumua."

Pua ikachomoza: puuh! Nyigu: vuuu! Kiboko: chubwi! Pua tena: puuh! Nyigu tena: vuuu! Pua ikavimba kama boga.

"Basi! Basi jamani! Nahama!"

Akahama, analia. Kobe, mwenyekiti wa baraza, akakohoa. "Kasoro tumeiona. Kiboko yule alikuwa mdogo. Tutafute mkubwa zaidi."

"Na huyo hatakuwa na pua?" Chiriku akauliza.

Wanabaraza walikuwa wameshaanza kubishana huyo mpya atakula nini.

Chiriku akarudi kwenye mayai yake. Hata hajatulia, akasikia sauti kutoka ng'ambo, kwa Mamba: vuuu. Kumbe nao walikuwa wakitazama, na sasa walikuwa na Nyigu wao. Akayafunika mayai kwa mabawa, akakaa macho.

Fundisho, wenzangu: mkitaka kulala usingizi, jengeni manowari kubwa zaidi na nyambizi ndefu zaidi, kisha ziombeni zisipumue.

Ngano yangu inazama hapa. Mwenye pua na achomoze!