Mwezi Usiohesabiwa

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu au ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana ngano hii haina sungura wala fisi. Ina jua, ina mwezi, na ina bibi mmoja.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, paliishi bibi aliyeitwa Mize. Kila alfajiri jogoo akiwika, kokoiko, Bi Mize hutoka, huketi kwenye jiwe la mlangoni, hutazama mlima wa mashariki. Mlima ule ulikuwa na pengo katikati, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Ninyi mnadhani jua hutokea mahali pamoja kila siku. Thubutu! Jua hutembea. Leo hapa, kesho kando kidogo. Huenda, huenda, huenda, mpaka mwisho wa mlima upande wa kusini. Hapo hutulia siku chache, kisha hurudi, hurudi, hurudi. Likishafika kwenye pengo, masika yako karibu, na watu hupanda.

Mumewe, Mzee Shamte, alisuka vikapu pembeni yake na kumtania. "Mimi ni mume mdogo," alikuwa akisema. "Mume mkubwa ni jua."

Lakini kijiji kilihesabu kwa mwezi, kwa kuwa mwezi hauumizi macho. Miezi kumi na miwili ikipita tangu kupanda, hupanda tena. Shida ni kwamba mwezi una haraka. Kila mwaka hutangulia siku kumi na moja hivi kabla jua halijafika pengoni. Mwaka wa kwanza si kitu. Wa pili watu huvumilia. Wa tatu, mwezi wa kupanda unaandama na jua bado liko mbali kabisa, udongo mkavu kama gome. Hapo Bi Mize hupita nyumba kwa nyumba akisema, "Mwezi huu haumo. Ni mfu. Msiuhesabu."

Na mwezi mfu ulikuwa na miiko yake, ambayo Bi Mize aliachiwa na bibi yake, naye aliachiwa na bibi yake. Hakuna kupanda. Hakuna harusi. Na anayekufa ndani yake huzikwa kimya, bila kilio, bila matanga. Utahesabuje siku arobaini katika mwezi usiokuwepo? Ndivyo walivyosema wakubwa, na Bi Mize alishika yote, neno kwa neno.

Mwaka mmoja, katika mwezi mfu, jirani yake Tatu alifiwa na mtoto wa miezi mitano. Tatu akafungua kinywa alie. Bi Mize akakiziba kwa kiganja. "Nyamaza, mwanangu. Mwezi huu haumo." Tatu akauma upindo wa nguo yake, na mtoto akazikwa kimya. Tangu siku hiyo, kila alipokutana na Bi Mize alisema, "Shikamoo, bibi," akapita.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi mfu mwingine ukaandama, na mwaka huo ulikuwa mbaya. Katika maghala ilibaki mbegu tu. Watoto walilia njaa mpaka wakachoka kulia. Kisha yakaja manyunyu ya siku mbili, manyunyu ya kudanganya, na watu wakanoa majembe. Jumbe Ngwali, mkuu wa kijiji, akaja kwa Bi Mize.

"Bibi, ardhi imelowa. Sema mwezi u hai, tupande."

"Jua linatokea wapi, Jumbe?"

"Huko huko mlimani."

"Linatokea kusini mwa pengo. Bado siku ishirini. Mkipanda leo, mbegu itachipua, kisha itaungua. Na mbegu nyingine hamna."

Jumbe akaondoka amenuna.

Siku ya tatu baada ya hapo, Mzee Shamte akashikwa na homa. Siku ya tano akafa. Wanaume wakamwosha, wakamzika kimya. Jumbe akabaki nyuma, akainama sikioni mwa Bi Mize.

"Neno moja tu, bibi. Sema ulikosea hesabu. Wewe utamlilia mumeo, nasi tutapanda. Nani atakulaumu?"

Alitamani kulisema. Nisiwadanganye, wanangu, alitamani kweli, na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Miaka arobaini na mtu, halafu umfukie bila sauti? Lakini alizikumbuka mbegu zile, na watoto waliokuwa wakizingojea.

"Mwezi ni mfu," akasema.

Alfajiri jogoo akawika. Bi Mize akatoka, akaketi kwenye jiwe. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Jua likatokea kusini mwa pengo, kama lilivyopaswa, wala halikumuuliza hali. Mara ikasikika sauti. Uwiii. Uwiii. Akageuka kuona ni nani anayevunja mwiko. Akaona ni yeye mwenyewe.

Kijiji kizima kilisikia. Nao wakasema nini? "Bi Mize analia. Basi mwezi u hai." Wakabeba majembe na mbegu, tu-tu-tu, wakashika njia ya mashambani. Bi Mize akakimbia, akasimama mbele yao, mikono ameitanua, machozi yanamtoka.

"Rudini. Jua halijafika."

"Mbona unalia?" Jumbe akamuuliza.

"Nalia kwa sababu Shamte amekufa."

"Mwezi mfu hauna kilio. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nilifundishwa, nikafundisha. Jua linanionyesha siku ya kupanda, basi. Halijawahi kunikataza machozi. Hilo tuliongeza sisi."

Wengi wakarudi. Jumbe akampita, akaenda kupanda shamba lake, na siku kumi baadaye miche ikawa majani makavu. Siku ishirini alizozitaja Bi Mize zilipotimia, jua likatokea pengoni. Waliongoja wakapanda, masika yakaja, chwaa, chwaa, wakavuna. Jumbe alikula kwa kuomba.

Lakini asubuhi ile ya majembe, njia ilipokuwa tupu, Tatu alibaki amesimama.

"Na mwanangu, bibi?"

Bi Mize hakutafuta pa kujificha. "Mwanao nilimnyima kilio bure. Nimekukosea. Mlilie sasa, mama, nitakaa nawe."

Wakaketi vumbini. Tatu akafungua kinywa. Akangoja. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Hakiji, bibi," akasema. "Kilikuwa kimejaa siku ile."

Basi Bi Mize akalia peke yake, akawalilia wawili, mzee wake na mtoto yule ambaye hakufikisha hata miezi sita. Tatu alimshika mkono tu, macho makavu.

Tangu hapo, mwezi mfu ukiandama, watu wa kijiji kile hawapandi wala hawafungi harusi, ila anayefiwa hulia. Wanangu, jua likienda litarudi, na mwezi ukifa utaandama mwingine. Kilio ukikizuia hakirudi. Ngano yangu imekomea hapo, na mwenye msiba wake asingoje ruhusa.