Karatasi Iliyovuka Mpaka

Palikuwa na sultani mmoja, Kombo jina lake, na jicho lake lilikuwa halipitwi na kitu kizuri cha mtu. Akiona gari la mgeni linang'aa, usingizi hapati! Basi akatoa amri: mgeni akikamatwa anaendesha bila leseni, gari lake ni mali ya Sultani.

Siku moja akaletwa mbele ya baraza, yeye na pikapu yake, Bi Mwanasha, mjane wa ng'ambo ya mpaka, muuza vitunguu. Mdomo wake, wenzangu, haukuwa na breki. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha wanawe wanne.

"Leseni?" Sultani akauliza, mkono tayari uko juu ya boneti.

"Hii ya kwetu. Na hii ya kimataifa. Zote mbili, bwana mkubwa, kama sheria inavyotaka."

Sultani hakuzitazama hata. "Zimetolewa wapi?"

"Kwetu."

"Basi zimekufa! Karatasi ya kwenu ikishavuka mpaka, hapa kwangu haina kazi. Lete ufunguo!"

Bi Mwanasha, jamani, uso aliukaza. Akautoa ufunguo, akaukabidhi.

"Karatasi yoyote, bwana mkubwa?"

"Yoyote!"

"Hata yenye muhuri wa kadhi?"

"Hata ingekuwa na mihuri kumi! We mpiga mbiu, tangaza mji mzima usikie!"

Pembe ikalia, amri ikatangazwa, kila mtu akasikia.

Bi Mwanasha akajifunga kanga yake vizuri. "Haya, nimesikia. Na mkeo Bi Salha hajambo? Mimi na yeye kwetu mtaa mmoja."

Sultani akalainika palepale. Mke huyo alimwoa mwaka juzi, na alikuwa akimpenda mpaka watumishi wanacheka pembeni.

"Hajambo kabisa!"

"Pilau ya harusi yenu nilipika mimi. Si mlioana kwetu?"

"Kwenu hukohuko."

"Na cheti cha ndoa mnacho?"

"Tunacho! Nimekitundika ukutani, kina muhuri wa kadhi wa..." Mkono wa Sultani ukatoka juu ya boneti wenyewe.

"Basi mwambie afunge virago, bwana mkubwa, nimrudishe kwa baba yake. Ila tutakwenda kwa miguu, maana gari umeshalichukua."