Ndovu Aliyesema Mzima

Sogeeni, wajukuu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kazi za serikali na siku ya kustaafu, Ndovu alimaliza miaka arobaini ya kuburuta magogo ya Mfalme Simba. Akapewa kadi ya bima ya wastaafu. Kadi ile ilitibu homa na vidonda tu. Macho haikuyagusa, na Ndovu jicho moja lilikwisha kufa kwa ukungu, la pili lilikuwa linafuata.

"Tukate bima ya nyongeza, mume wangu," akasema mkewe. "Kobe anaiuza."

"Kobe! Kaniuliza mpaka choo napataje! Mzee mzima anaulizwa hivyo?"

Mara, pukupuku! Nguchiro huyo, muuza bima mwingine, mkoba kwapani.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Habari za afya?"

"Njema. Mzima kabisa, namshukuru Mungu."

Nami, wajukuu, hujibu hivyohivyo, Mungu anisamehe.

Kwaru, kwaru, kwaru! Nguchiro akaandika.

Mkewe akanong'ona, "Mwambie jicho!"

"Mgeni hajakaa nimpokee kwa maradhi? Si kukufuru huko?" Kisha akauliza kwa sauti, "Macho yamo kwenye bima yako?"

"Yamo, babu! Macho, figo, meno. Kanyaga hapa."

Pu! Ndovu akakanyaga karatasi, akalipa mtama wote wa akiba ya uzeeni.

Miezi mitatu baadaye hakuuona hata mlango wake. Mkewe akamwongoza hadi kwa Korongo, daktari wa macho.

"Jicho hili litapona nikilipasua wiki hii," akasema Korongo. "Wiki ikipita, basi. Mwiteni mwenye bima alipe."

Nguchiro akaja, akafungua karatasi. "Ukungu huu una muda gani, daktari?"

"Miaka miwili."

"Lo! Basi babu alitudanganya. Nilimuuliza afya, akasema mzima kabisa. Unyayo wake huu hapa. Mwongo halipiwi."

"Zile zilikuwa salamu!" Ndovu akalia. "Nani humjibu mgeni kwa ugonjwa?"

"Hakuna, babu," akasema Nguchiro akifunga mkoba. "Ndiyo maana sijawahi kulipa mtu."

Ghala lilikuwa tupu. Wiki ikapita, na Ndovu hakuuona tena uso wa mkewe mpaka mwenyewe alipozikwa.

Wajukuu, anayekuuliza afya huku ameshika kalamu, mtajie ugonjwa wako.