Spika za Mwanatumu

Diwani Ngwali akiazima kitu chako, ukiage kabisa. Alipotaka kumwoza binti yake, alikuja na pikapu kuchukua spika za Mwanatumu, mpiga muziki wa harusi, aliyeunda masanduku yake mwenyewe kwa mbao nene za mninga.

Mwanatumu alimkaribisha chai.

"Mbona hakuna kijiko?" diwani akauliza.

"Vyote vimeazimwa, mheshimiwa. Spika chukua tu, ila zijaribu kwanza kwa besi."

Besi ilipopiga, masanduku yakatetemeka na kulia kama debe la misumari.

"Mbao gani hizi? Unataka kuniaibisha mbele ya wakwe!" diwani akafoka, akaondoka na pikapu tupu.

Vumbi lilipotulia, Mwanatumu alifungua skrubu za nyuma, akatoa vijiko vyake vyote, akakoroga chai.