Zamu za Maji na Prosesa ya Elisafi

Ukoo mmoja wa milima ya Upare ulimpa mtu kazi. Mtu huyo aliitwa Elisafi Mbonea, na aliishi mjini Mwanga, chini ya milima. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika zamu za maji. Huko kwao maji ya kumwagilia hukusanywa kwenye bwawa wanaloliita ndiva, bwawa hufunguliwa asubuhi, na kila nyumba ina siku yake ya kuyapata. Zamani siku hizo zilikuwa zimeandikwa kwenye daftari moja, lakini mchwa walilila daftari wakabakiza jalada. Tangu hapo aliyezijua zamu zote, na nani alirithi kwa nani, na nani alibadilishana siku na nani kwa sababu ya ndoa au ya ugomvi, alibaki mmoja tu, naye ni Bibi Nakijwa, mama yake Elisafi, mwenye miaka themanini na miwili. Ukoo ukakaa, ukachanga, ukamwambia Elisafi aunde kompyuta, amketishe mama yake, aandike yote, kisha achapishe nakala kwa kila nyumba. Walimchagua yeye kwa sababu aliwahi kusomea kompyuta, na kwa sababu mama alikuwa wake.

Elisafi aliipokea kazi kwa moyo wote. Wiki ya kwanza alinunua skrini, kibodi, printa, na kasha jeusi refu lenye ubavu wa kioo, ambalo vifaa vyote vingekaa ndani yake. Kikabaki kitu kimoja, prosesa, kile kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto ambacho ndicho ubongo wa kompyuta. Na kwa kuwa kila prosesa ina bodi yake, yaani ubao wa kuichomekea, inayokubaliana nayo, hakuweza kununua bodi kabla ya kuchagua prosesa. Akaenda Moshi kwa fundi mmoja aliyeuza vifaa hivyo, aitwaye Shemdoe.

Shemdoe alimuuliza, "Kaka, utafanyia kazi gani?"

"Kuandika."

"Kuandika tu?"

"Kuandika zamu za maji za ukoo mzima."

Shemdoe akafikiri kidogo, akasema, "Basi yoyote kati ya hizi itakutosha. Hata hii ya chini kabisa itakuwa imelala muda mwingi."

Elisafi aliumia. Aliona kama ameambiwa kwamba ukoo wake ni mdogo. Akatoka dukani bila kununua, akaanza kusoma. Akasoma juu ya prosesa zenye viini vinne na zenye viini kumi na sita, zinazokwenda kasi na zinazopata joto, zinazotaka feni na zinazotaka kupozwa kwa maji. Hii ya mwisho ilimpendeza sana, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya maji. Baada ya miezi mitatu akawa amechagua. Siku aliyotaka kusafiri kwenda Moshi, akasoma kwamba toleo jipya linatoka mwezi unaofuata. Mtu mwenye akili, aliwaza, hanunui la zamani akijua jipya liko njiani. Akavua viatu, akakaa.

Toleo jipya likatoka. Watu wakasema linapata joto kupita kiasi. Akangoja lirekebishwe. Liliporekebishwa, likawa halikai kwenye bodi aliyokuwa ameikusudia. Akatafuta bodi nyingine, na alipoipata akasikia kwamba kampuni ya pili imetoa prosesa inayoishinda ile ya kwanza. Mwaka ukapita hivyo, na wa pili, na wa tatu. Elisafi akawa mjuzi. Mfamasia alikuja kumuomba ushauri, akaenda akanunua, akaunda kompyuta yake. Mpiga picha wa sokoni naye akaja, akaunda yake. Hata mchungaji alikuja, akasikiliza kwa nusu saa, akaenda kununua ile ya kwanza aliyotajiwa, na sasa kumbukumbu za ubatizo za usharika wote zimo ndani yake. Mwanga nzima ilikuwa na kompyuta zilizozaliwa kinywani mwa Elisafi, na yeye alikuwa na kasha.

Kasha lilikaa sebuleni, ubavu wake wa kioo umefunguliwa likisubiri. Kuku wa mkewe akaingia, akapaona pamekaa vizuri, akataga. Elisafi alitaka kumtoa, lakini mkewe, aliyeitwa Nambike, akamwambia, "Baba Nanzia, muache. Yeye amejua anachotaka." Baada ya wiki tatu wakatoka vifaranga kumi na mmoja, wazima wote. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyokamilika ndani ya kompyuta ile.

Muda huo wote Bibi Nakijwa alikuwa tayari. Kila mwanawe alipopanda mlimani, mama alijitanda kanga safi, akakaa kwenye kigoda na kuanza, "Jumatatu ni ya nyumba ya Kiangi, tangu babu yake alipochimba mfereji wa juu." Elisafi alimzuia kwa heshima. "Subiri kidogo, mama. Mashine haijakamilika." Nambike alishauri amrekodi mama kwa simu. Elisafi akasema simu si chombo cha kazi ya ukoo. Nambike akashauri daftari. Elisafi akamkumbusha habari za mchwa. Mama akarudisha maneno yake moyoni, akaenda kupalilia migomba.

Mwaka wa nne, wakati wa kupanda maharage, nyumba mbili ziligombania maji ya Alhamisi. Wakaja kwa Bibi Nakijwa kama walivyozoea, wakamuuliza Alhamisi ni ya nani. Mama akafungua kinywa, akakifunga. Akataja jina moja. Kisha akataja jina la pili. Kisha akawatazama wote wawili kwa zamu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Wale wagomvi walikuwa wamekuja na majembe mikononi, na waliondoka wakiwa wameyabeba begani.

Jirani wa Bibi Nakijwa, Mwalimu Namkunda, aliyefundisha shule ya msingi pale juu, alilisikia jambo hilo. Alikuwa na kompyuta moja aliyopewa na ofisi iliyokuwa ikihama. Ilikuwa ya zamani mno. Ukibonyeza herufi, ilifikiri kwanza, kisha ikaionyesha herufi hiyo kwenye skrini kama mtu anayetoa siri. Siku ya pili yake alimuita Bibi Nakijwa jikoni kwake, akamchemshia chai, akamwambia, "Bibi, anzia popote unapopenda." Mama akaanzia Jumatatu. Mashine ilikuwa nzito, na mama naye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuwa nzito, kwa hiyo walikwenda mwendo mmoja. Herufi zilipochelewa, mama alipata nafasi ya kukumbuka jina la mke wa pili wa fulani, au mwaka wa nzige. Wakafanya hivyo kila jioni baada ya shule, wiki mbili nzima.

Siku ya mwisho Elisafi alipanda mlimani akiwa na furaha. Alikuwa amesoma kwamba mwezi ujao inatoka prosesa isiyo na kasoro. Hakumkuta mama nyumbani. Akaelekezwa kwa mwalimu, akamkuta ameketi karibu na jiko, anasema, na Namkunda anaandika. Elisafi aliitazama mashine. Akainama, akasoma maandishi madogo yaliyobandikwa ubavuni, na uso wake ukajaa huruma ya mtaalamu.

"Mwalimu," alisema, "prosesa hii ilitoka nikiwa darasa la sita."

"Naamini, kaka Elisafi," alijibu Namkunda bila kuinua macho. "Tumefika Jumapili."

Elisafi akamgeukia mama yake. "Mama, ungesubiri mwezi mmoja tu. Linakuja toleo ambalo halijapata kuonekana."

Bibi Nakijwa aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," alisema, "mimi toleo langu ni hili, na halitengenezwi tena."

Hakuna aliyecheka, ingawa Namkunda aliinamia kibodi kwa muda mrefu kuliko herufi moja inavyohitaji. Elisafi alisimama pale kando ya mashine. Alijua kasi ya prosesa zote zilizotoka katika miaka minne, alizijua kwa namba zake, na hakujua Jumatatu ni ya nyumba ya nani, kwa sababu kila alipoambiwa alikuwa hajawa tayari kusikia. Plagi ya mashine ile ilikuwa imelegea ukutani. Mwalimu akamuomba aishike isichomoke hadi Jumapili iishe. Akachuchumaa, akaishika, na kwa mara ya kwanza akamsikiliza mama yake mpaka mwisho.

Printa ya Elisafi ilipelekwa mlimani, ikafanya kazi vizuri sana. Kila nyumba ikapata nakala yake, na ugomvi ukapungua. Mahali pa Alhamisi pameandikwa majina mawili na alama ya kuuliza, kwa maana mama alikataa kusema asilokuwa na hakika nalo. Nyumba hizo mbili hadi leo hugawana maji ya siku hiyo nusu kwa nusu, na kila moja inaamini kuwa imedhulumiwa. Elisafi alirudi kwa Shemdoe, akasema nipe yoyote. Shemdoe akampa ya chini kabisa, na kweli muda mwingi inalala.

Nanyi mnaonisikiliza, kabla hamjamcheka sana, nijibuni neno moja: miaka yote ile minne, Elisafi alikuwa akiogopa kununua prosesa mbaya, au alikuwa akiogopa siku ambayo hatabaki na sababu ya kutoanza?